Majina Arobaini na Sita

Kwa miaka kumi na miwili nilifundisha huku kichwa kikiniuma, nikameza dawa, nikafuta ubao, nikaendelea. Walimu waliokosa kuja kazini kwa sababu ya kichwa niliwaona wavivu, na sikuwaficha.

Kisha jicho la kushoto likaanza kuona ukungu, nikaenda mjini kupigwa picha ya ubongo. Daktari, kijana wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu, alinionyesha kwenye skrini madoa meupe, madogo kama punje za wimbi.

"Mwalimu, hizi tunaziona sana kwa watu wako na migraine ya miaka mingi, hiyo kichwa yako. Mara mingi hazina shida. Tutarudia scan mwaka ujao."

"Na kabla ya mwaka ujao?"

"Endelea tu na maisha."

Nilitoka nikiyafikiria yale madoa. Niliogopa kusahau, kwa sababu riziki yangu yote imo humo kichwani.

Shuleni kwetu Munyaka nilisifika kwa jambo moja: niliita majina ya watoto arobaini na sita bila kufungua rejista. Nilikuwa nikiringa nalo. Sasa likageuka mtihani, na kila asubuhi nilisimama mbele yao kujipima.

Jumanne moja nilifika kwa msichana wa dirishani, jina lake likakataa kuja. Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili. Nilijua anaandika kwa mkono wa kushoto, nilijua mamake anauza maziwa, lakini jina sikulipata. Nilikohoa, nikajifanya natafuta kalamu. Msichana akasimama polepole, akataja jina lake mwenyewe.

"Niko, mwalimu."

Nilijiambia ni uchovu, kila mtu husahau. Nilijiambia hivyo hadi jioni.

Kesho yake niliingia na rejista kwapani. Kabla sijafungua mdomo, mtoto wa kwanza alisimama, akataja jina lake, akaketi. Wa pili akafuata, kisha wa tatu, safu baada ya safu, na hakuna aliyecheka. Mume wangu nilikuwa nimemficha, walimu wenzangu nilikuwa nimewaficha, lakini watoto hawa wa miaka tisa walikuwa wameona.

Nilifungua rejista, nikatia alama mmoja mmoja hadi wa arobaini na sita. Tangu siku hiyo sijaita majina rejista ikiwa imefungwa.