Rimu ya Lori na Kaseti ya Hermani

Saa mbili asubuhi, siku ya sherehe ya kigango, Benedict alibonyeza kinanda, Hermani akapiga besi, na wanakwaya wote waliokuwa kanisani wakakunja nyuso kwa pamoja. Wakarudia. Sauti mbili zilikuwa zinagombana waziwazi, na hata mama aliyekuwa anapanga maua altareni aligeuka kuangalia kuna nini.

"Besi iko chini," alisema Benedict. Alikuwa mwalimu wa shule, ametoka Mbulu mjini na kinanda cha kuazima ili kuongoza kwaya tatu zitakazoimba pamoja, mtu mpole asiye na neno na mtu. "Iko chini nusu sauti nzima. Ulichukua sauti wapi?"

"Kwenye kaseti," alijibu Hermani.

Nusu sauti! Kwa mtu asiyepiga chombo ni jambo la kucheka. Lakini Hermani hakucheka, kwa sababu nusu sauti hiyo ilikuwa na mwenyewe. Miezi minane iliyopita mzee Alfredi Bura, baba mkwe wake, alikuwa amesema neno hilohilo, mahali hapohapo, na Hermani ndiye aliyehakikisha haaminiki.

Tuseme ukweli, Hermani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi baiskeli pale Dongobesh, mwenye mikono ya grisi na mke mmoja, Juliana, na alikuwa na wazimu mmoja tu: besi. Gitaa lenyewe lilikuja kwenye kwaya kutoka bendi moja ya muziki wa dansi iliyovunjika Babati, mwaka ule mkoa mpya wa Manyara ulipoanza. Lilikuja na nyuzi tatu. Ule wa nne, mnene kuliko yote, haukuwepo, na kuupata ilikuwa kazi. Tangu biashara huria ifike, maduka ya Dongobesh yalikuwa yamejaa redio, ndala na betri za kila rangi, lakini ukiuliza uzi wa besi unaletewa uzi wa kushonea magunia. Hermani akafanya alichojua. Akachukua waya wa breki ya baiskeli, akaupitisha pale uzi unapopita, na mzee Alfredi akauvuta mpaka ukatoa sauti. Ulinguruma kidogo, ila uliimba.

Nyuzi zile tatu zikichoka, Hermani alizivua na kuzichemsha kwenye sufuria na kipande cha sabuni, ili zirudishe mlio.

"Leo tunakula gitaa?" Juliana aliuliza siku ya kwanza.

"Supu yake tamu," alijibu, na wakacheka sana. Siku hizo walikuwa wanacheka.

Shule ya muziki hakuiona hata kwa nje. Alijifunza nyimbo kwa kaseti, kwenye kibanda chake cha kazi, sikio limegandishwa kwenye spika ya redio. Anasikiliza mistari miwili, anazima, anatafuta sauti ya besi uzi kwa uzi, akiipata anaweka nukta kwenye shingo ya gitaa kwa rangi ya kucha. Kisha anachomoa kaseti na kuirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu, maana kurudisha kwa redio kunamaliza betri. Wimbo mmoja ulimchukua wiki tatu. Vidole vyake havikujua jina la sauti hata moja. Vilijua nukta tu.

Na hapo kwenye betri ndipo alipoharibu. Zilipoanza kuchoka, Hermani alizianika juu ya bati la kibanda, kama wanavyofanya watu wote huku, na jua la mchana likazitia nguvu kidogo. Akazirudisha, wimbo ukacheza. Wiki ya pili akazianika tena, na ya tatu. Redio ilizunguka polepole zaidi kila siku, na kaseti ikizunguka polepole sauti inashuka. Yeye hakuliona hilo. Alifurahi hata, kwa kuwa besi ilisikika vizuri zaidi na haikumkimbia. Ile kwaya ya kwenye kaseti ilikuwa inaimba kiutu uzima, naye akaikaza besi kwa kuifuata, na Renatus wa gitaa la rizimu akamfuata yeye, na kwaya nzima ikawafuata wawili hao.

Mzee Alfredi alikataa. Yeye alikuwa amepiga gitaa la solo pale tangu kanisa likiwa la nyasi, na sauti yake aliichukua kwenye kengele ya kigango. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti na hugongwa kwa nondo. Aligonga mara moja, akakaza uzi, basi. "Besi hii imelala," alisema siku ile ya mazoezi. "Iamshe, Hermani."

"Kaseti haidanganyi, baba," Hermani alimjibu mbele ya watu. "Imerekodiwa studio. Rimu ya lori itashindanaje na studio?"

Watu wakacheka. Hilo lingeweza kusameheka, lakini Hermani hakuishia hapo. Jumatatu yake alikaa na kamati ya kwaya, akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba masikio ya mzee yamechoka, na kwamba ingekuwa heshima kumpumzisha. Kamati ikampumzisha. Wakampa shuka na kumwimbia wimbo wa shukrani. Mzee alipokea shuka, akaomba abaki na kazi moja tu, ya kugonga ile rimu kuwaita watu kanisani, na gitaa lake akalisimamisha nyuma ya mlango.

Tangu siku hiyo Hermani alimwamkia shikamoo na hakujibiwa. Mzee alikohoa tu, akapita. Kwa watu wa huku, shikamoo isiyojibiwa ni tusi zito kuliko kupigwa kofi. Miezi minane! Juliana naye, alipokwenda kwao, alikwenda peke yake, na ule mtindo wake wa kuimba akipika ukaisha.

Sasa kinanda kilikuwa kimesema.

"Basi panda hiyo nusu, haraka!" alisema Nikolausi, mwalimu wa kwaya, jasho limemtoka na baridi yote ile. "Misa ni saa nne."

Hermani akashika vifunguo vya besi, vile vya kukazia nyuzi. Benedict akabonyeza, Hermani akakaza, akapitiliza, akalegeza, akashuka mno. Jenereta ilikuwa bado haijaletwa, na bila ampilifaya ule waya wa breki ulikoroma tu, huwezi kujua uko juu au chini. Alipojaribu mara ya nne aligundua jambo lililomtia hofu kuliko yote: hakuwahi hata siku moja kukaza besi kwa sikio lake. Alikuwa ameifananisha na kaseti tu. Sikio lake liliona chini ndiko nyumbani, na kila mara lilimrudisha hukohuko.

Benedict akatazama saa. "Kaka, mimi lazima nikapange na kwaya ya kigango cha Daudi. Wameshafika."

"Ni baridi," alisema Renatus, akijitahidi kumsaidia. "Baridi inalegeza nyuzi."

Nikolausi akalidaka. "Ndiyo, baridi. Na mimi nitawaambia besi imekatika uzi. Tunaimba bila besi leo, wiki ijayo tunaangalia. Hakuna aibu hapo, Hermani."

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi hivyo. Angesema ndiyo, angekaa kwenye benchi na waumini, lawama ingebebwa na baridi, na hakuna ambaye angekumbuka maneno ya mzee. Hermani alifungua kinywa kusema ndiyo. Nje, rimu ikagongwa kengele ya kwanza. Mlio ulipita juu ya mashamba ya vitunguu swaumu ukaenda mpaka ng'ambo ya bonde, umenyooka, na sauti yake ilikuwa ileile ya kinanda cha Benedict. Aliitambua. Safari hii aliitambua. Akafunga kinywa, akalibeba gitaa, akatoka.

Mzee Alfredi alikuwa amesimama kando ya rimu, amejifunika mgolole, nondo mkononi.

"Shikamoo, baba."

Mzee akakohoa.

"Baba, besi iko chini. Ilikuwa chini siku zote. Ni betri. Nilizianika juani, redio ikawa inazunguka polepole, mimi sikujua."

"Unaniambia mimi kwa nini? Mimi nilijua."

"Naomba unisaidie kuikaza. Nimeshindwa."

"Nani alisema masikio yangu yamekufa?"

"Mimi," alisema Hermani.

"Uliniambia mimi?"

"Hapana. Niliiambia kamati."

"Kumbe kamati unajua inapokaa," alisema mzee, akageuka kutazama barabara.

Hermani akasimama pale na gitaa lake, uso unawaka, na lori la wageni likaingia uwanjani. Ilimchukua muda kujipiga moyo konde. Kisha akarudi kanisani, na humo sasa walikuwepo si wanakwaya wao tu, walikuwepo wa Daudi pia, na Juliana mbele kabisa kwenye safu ya sauti ya pili.

"Naomba mnisikilize," alisema. Hawakumsikiliza. Akapandisha sauti. "Naomba mnisikilize! Mzee Alfredi hakuwa na tatizo la masikio. Tatizo lilikuwa mimi. Mwezi wa pili alisema besi imelala, na ilikuwa imelala kweli. Mimi nikamsingizia kwa kamati. Nilitaka asikilizwe nani, yeye au kaseti yangu? Nilitaka nisikilizwe mimi. Nimemwondoa mtu kwenye gitaa lake kwa uongo, na mtu mwenyewe ni mkwe wangu."

Mwanakwaya mmoja wa Daudi akaguna kwa mshangao. Nikolausi aliinamisha kichwa, maana yeye ndiye aliyekabidhi lile shuka. Juliana alimtazama mumewe moja kwa moja usoni, kwa mara ya kwanza tangu mvua zilizopita, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hermani alitamani ardhi immeze.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana alifika saa ngapi.

"Leta hicho kitu," alisema. "Dakika kumi, nagonga ya pili."

Wakaenda kwenye rimu wote wawili. Mzee akagonga mara moja, kwa nguvu, na kabla mlio haujafa akainama akaweka mfupa wa taya yake juu ya mbao za besi. "Kaza," alisema. Hermani akakaza. "Taratibu. Taratibu, wewe! Simama." Ulikuwa uzi wa kwanza. Akagonga tena, wakamaliza wa pili, wakamaliza wa tatu. Watu njiani walishangaa kengele ya pili imekuwa ndefu hivi, wengine wakaanza kukimbia wakidhani wamechelewa.

Ukabaki waya wa breki. Hermani aliujua waya huo kama anavyojua baiskeli. Aliona pale kwenye kifunguo nywele mbili za chuma zilizokwisha kuachia. "Baba, utakatika."

"Labda. Kaza."

Akakaza. Waya ukalia kidogo, kama mlango mbovu. Akaachia kifunguo. Mzee hakuinua taya yake kwenye mbao, alinyanyua kidole kimoja tu: juu. Hermani akazungusha kidogo, kidogo tena, amefumba macho akisubiri chuma kimchape usoni. Nywele ya tatu ikaachia kwa mlio mdogo. Kidole kikashuka.

"Hapo," alisema mzee. "Usiiguse tena."

Walipoanza wimbo wa matoleo, jenereta inanguruma nyuma ya kanisa, besi na kinanda na kwaya tatu viliingia pamoja, na Hermani alisikia sakafu ikitetemeka chini ya viatu vyake. Zile nukta zake zilikuwa palepale na kila nukta ilisema kweli. Hakufurahi. Aliogopa. Macho yake hayakutoka kwenye ule waya. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita. Katikati ya ubeti wa pili waya ukakatika, ukamchapa kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka.

Nukta za uzi ule hazikuwa na kazi tena. Kwa pigo moja hakupiga kitu. Pigo la pili akapiga hewa. Halafu akaacha kutazama shingo ya gitaa, akatega sikio kwa kinanda, akaitafuta sauti kwenye uzi wa tatu, huko juu ambako hakuwa amepaka rangi, akaikuta. Akatafuta nyingine, akaikuta nayo. Akafika mwisho wa wimbo hivyo, kwa kutafuta. Nikolausi aliendelea kuongoza bila kugeuka, waumini waliendelea kupeleka mahindi na majogoo altareni, na Benedict alimnyooshea dole gumba. Hakuna aliyejua.

Baada ya misa alimkuta mzee palepale kwenye rimu, anaifunga nondo kwa kamba. Juliana alikuwa amefika kabla yake, amesimama hatua chache na sahani ya wali wa baba yake mkononi. Hermani alikuwa ameufunga mkono kwa leso.

"Waya umekatika ubeti wa pili," alisema mzee, bado anafunga. "Ukaruka mapigo mawili. Lile la tatu ulikwenda juu kidogo, ukajirekebisha."

Wakati wote wa misa mzee alikuwa huku nje, mbali na spika, jenereta ikipiga kelele kati yake na kanisa.

"Ndiyo, baba. Mawili."

"Hukutazama nukta."

"Sikutazama."

Mzee akamaliza fundo. Hermani alikuwa amekwisha kumwamkia asubuhi, na mtu haamkiwi mara mbili kwa siku moja. Hata hivyo akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Juliana alishika sahani kwa mikono miwili. Mzee alipangusa viganja vyake kwenye mgolole, kimoja kimoja, akamtazama mkwewe toka viatu mpaka kwenye ile leso yenye damu.

"Marahaba," alisema.