Basi Lililotakiwa Kutembea Kila Mwezi

Ili nitazame maji ya rejeta kwenye basi langu, lazima kwanza nihamishe jiko. Injini ya basi lile imekaa ndani, pembeni mwa kiti cha dereva, chini ya mfuniko mpana wa bati, na mimi kwa akili zangu za mwalimu mstaafu niliona mfuniko ule ni meza ya bure. Nikamwambia seremala ajenge kabati juu yake. Akajenga kweli, akapigilia misumari kama anajenga kanisa. Tangu hapo, kila basi lilipochemsha, nilitoa sufuria, nikatoa mtungi wa gesi, nikatoa sahani, chumvi na majani ya chai, halafu nikachukua nyundo.

Watu walinicheka, na sikuwalaumu. Lakini sikuhamia ndani ya basi kwa kupenda vituko. Nilikuwa nimestaafu, nimepanga nyumba Bakoba, mtaa wa pale Bukoba mjini, watoto wameshatawanyika, na baba yangu kule kijijini Kishanda alikuwa ameteleza kwenye migomba akaumia mguu. Alikuwa akiishi peke yake. Kuja mjini Bukoba alikataa kabisa. Alisema mjini mtu anakula ndizi asiyojua imetoka kwenye shina gani. Nikaona basi niende mimi. Nyumba yake ina vyumba viwili, cha kwake na cha kaka yangu, mrithi, ambaye yuko kazini Mwanza na huja Krismasi. Kwenye kitanda cha mrithi halali mtu mwingine. Nililala jikoni kwa baba majuma matatu mpaka mgongo ukagoma.

Kujenga nisingeweza. Kwetu binti hasimamishi nguzo kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo. Najua sheria ya nchi inasema vingine, na mdomo wa kuidai haki hiyo ninao. Baba ndiye aliyeniomba nisimfikishe mahali pa kuchagua kati yangu na mdogo wake wakati yeye angali hai. Kwa hiyo nilichukua kiinua mgongo changu, nikanunua basi dogo kuukuu lililokuwa likibeba wanafunzi, nikang'oa viti, nikatia kitanda, mapazia na hilo jiko langu la misumari, nikaliegesha nyuma ya nyumba ya baba, kando ya mibuni.

Baba mdogo alikuja siku ya tatu. Kibanja chake kinapakana na cha baba, na katika mambo ya ukoo yeye ndiye msemaji. Alilizunguka basi mara mbili, akagonga tairi kwa fimbo, akaingia, akakaa kitandani, akatafuna punje za kahawa nilizomkaribisha kwa desturi yetu. Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa akilinda alichokabidhiwa. Alisema gari ni gari, hana neno nalo. Lakini gari likilala mwezi mzima bila kutembea, hilo limekuwa nyumba, na nyumba ya binti haikai pale.

"Mwalimu, wewe litembeze," aliniambia. "Likitembea, mimi sijaona kitu."

Nikawa nalitembeza. Mara moja kila mwezi nilifunga milango ya kabati kwa kamba, nikaenda Muleba mjini, nikanunua sabuni na mafuta ya taa, nikarudi. Baba alikuwa akisimama mlangoni na fimbo yake kunitazama nikitoka. Miezi mitano mambo yalikwenda hivyo. Mwezi wa sita, kwenye mlima wa kuingilia mjini, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke ukatoka chini ya jiko, na sufuria ya maharage niliyoisahau juu yake ikaanza kutokota yenyewe.

Nilifundisha fizikia zaidi ya miaka thelathini. Joto nililifundisha kwa chaki, kwa mishumaa, kwa maji ya rangi ndani ya chupa. Nikajiambia mfumo wa kupoza injini ni maji tu yanayozunguka, yanachukua joto hapa na kuliacha pale. Mafundi wa nini? Nao mafundi wa Muleba hawakutaka kuja Kishanda, walitaka nilivute basi mpaka kwao, wakati mimi nilitaka lionekane linatembea kwa miguu yake. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini mimi sikuwa nimefika hatua ya kuwasikiliza wahenga.

Nilianza na mpira wa rejeta wa juu, uliokuwa umepasuka kidogo. Nikabadilisha, likachemsha. Nikatoa themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji, nikakitia kwenye sufuria ya maji ya moto kama nilivyokuwa nikiwaonyesha wanafunzi. Kilifunguka vizuri kabisa, na hilo liliniudhi kuliko kingekuwa kibovu. Mwezi uliofuata nikabadilisha mkanda wa feni, kisha pampu ya maji, ambayo ilinila siku nne na ngozi ya vidole vitatu. Kila mara nilivunja jiko na kulijenga upya. Kila mara nilifika Muleba kwa kusimama njiani mara tano, sita, kumimina maji, na kila mwezi vituo viliongezeka.

Baba alikuwa fundi msaidizi wangu. Asingeweza kuinama wala kubeba, ila hakukubali kukaa bure. Alikaa kwenye kigoda chini ya mgomba akanishikia bolti kwenye kofia yake, na maji ya safari, ya kuongezea rejeta, aliyaandaa yeye tangu mwezi wa kwanza. Madumu yetu yalipoteza mifuniko zamani sana, kwa hiyo alisokota majani makavu ya mgomba, akaziba nayo kila dumu, akagonga kizibo kwa kiganja mpaka kikazama. Alizipenda sana siku hizo. Alinisimulia habari za mama, ambazo sikuwahi kuzisikia, wakati mimi nimelala chali nikiitukana bolti.

Mwezi wa nne wa matengenezo, basi halikufika hata barabara kuu. Lilichemka kwenye kilima cha kwanza, nikalirudisha kinyumenyume huku majirani wakinielekeza kwa mikono. Nilimuuliza baba mdogo kama safari ile inahesabika. Akafikiri, akasema hapana, maana hata mbuzi aliyefungwa kamba hufika pale. Akaongeza kwamba zimebaki siku kumi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimsikia baba akikohoa upande wa pili wa ukuta na nikajiuliza nani atamsikia nikifukuzwa. Asubuhi nikaenda Bukoba kwa gari la abiria, mpaka kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki wa zile familia zenye maduka mjini. Alinisalimia kwa Kihaya safi, akanisikiliza nikimwaga orodha ya vyote nilivyobadilisha. Nilitaka aniuzie rejeta. Badala yake akaniuliza kama ile ya zamani niliwahi kuitoa nikaipindua, nikaona maji yanatoka vipi. Nikasema sijaitoa kwa sababu haivuji. Hakunicheka, ila aliondoa miwani akaipangusa polepole mno. Aliniambia niende kwanza nikaipindue, halafu tutazungumza biashara.

Nilirudi nimenuna. Ni kitu ambacho ningemwadhibu mwanafunzi kwacho: kubadilisha kila kitu kabla ya kuchunguza. Kesho yake nikavunja jiko mara ya mwisho, nikafungua bolti, nikaivuta rejeta, nikaiburuta mpaka chini ya mgomba alipokaa baba. Niliijaza maji, nikaipindua. Maji yaliyotakiwa kumwagika yalidondoka kama ya bomba bovu. Nikaingiza waya mwembamba kwenye mdomo wa juu, nikavuta, na ukatoka na kitu cha kahawia, laini, kirefu. Nikavuta tena. Nyuzi. Nyuzi na vipande vya majani vilivyopikwa mpaka vikawa kama uji mzito, fungu la kujaza kiganja, kisha fungu jingine.

Baba alichukua uzi mmoja kiganjani mwangu, akausugua kati ya vidole. Mtu aliyesokota majani ya mgomba maisha yake yote hahitaji kuambiwa.

"Ni vizibo vyangu," alisema.

Nilikuwa na hasira, siwezi kudanganya. Miezi minne, pampu, mkanda, ngozi ya vidole, na aibu ya kurudi kinyumenyume mbele ya majirani. Spana ilikuwa mkononi na nilitamani kuitupa mpaka ziwani. Lakini ningemtupia nani? Kila dumu nililizibua mwenyewe, nikaona mapande yanaelea, nikamimina. Mgeni angeshangaa, angechuja kwa kitambaa. Mimi nimezaliwa humu, na tangu utoto maji yote niliyokunywa yalikuwa yamezibwa kwa jani la mgomba. Takataka zake sikuziona kuwa takataka.

"Aliyemimina ni mimi, Tata," nikamwambia baba.

Jioni alikula tonge mbili za ndizi akasukuma sahani. Nilidhani ni aibu, nikaenda kuosha rejeta.

Nilitumia siku mbili kuipitishia waya, kuisukumia maji ya chumvi na maji ya kawaida kinyume na njia yake, mpaka ilipomwaga maji kwa mkupuo na kuniloanisha miguu. Nikaifunga. Zikiwa zimebaki siku tatu, nikawasha, nikapanda kilima cha kwanza, nikapanda mlima wa Muleba, na mshale ukakaa katikati bila kutikisika. Niliimba peke yangu ndani ya basi, wimbo wa kanisani, kwa sauti mbaya. Niliporudi baba mdogo alikuwa uani. Aliweka kiganja kwenye bati la mbele, akalihisi ni vuguvugu tu, akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimepata mwezi mwingine.

Baba hakuwa mlangoni kunipokea. Alikuwa ndani, akasema amechoka.

Asubuhi niliamshwa na jembe. Nilifungua pazia nikamwona baba amepiga magoti mbele ya basi, mguu mbaya ameunyoosha pembeni, anachimba. Chipukizi la mgomba lilikuwa limelala ubavuni mwake. Nilitoka mbio kumnyanyua, akanisukuma kwa kiwiko. Alichimba katikati kabisa ya njia ya magurudumu ya mbele, hatua moja kutoka kwenye rejeta yangu mpya ya zamani. Nyuma yetu kulikuwa na mibuni na pembeni ukuta wa nyumba. Njia ya kutokea ilikuwa ile ile moja. Akalisimamisha chipukizi, akarudishia udongo, akakandamiza kwa viganja. Kwetu hata mwendawazimu hakanyagi mgomba wa mtu.

Baba mdogo alikuja, bila shaka kwa kusikia jembe. Alisimama na fimbo yake akatazama mgomba, akatazama basi, akatazama mgomba tena.

"Umelifungia njia," alimwambia kaka yake.

"Nimelifungia," baba akajibu, bado amepiga magoti. "Nimechoka kumtazama mwanangu akiondoka kila mwezi ili aruhusiwe kubaki. Kila akitoka huwa nasimama pale mlangoni mpaka nimsikie anarudi. Siku lilipogoma kutoka, nililala usingizi."

Mgomba ule ungechukua zaidi ya mwaka kuzaa, na sote watatu tuliuona mguu wa baba ulivyolala kwenye udongo.

"Na mkungu wake atakata nani?" baba mdogo akauliza, kwa sauti ya chini.

Baba alinyoosha mkono wenye matope, akaniwekea begani.

"Huyu."

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Nilimnyanyua baba, nikamkalisha kwenye ngazi ya basi, nikamwosha mikono huku nalia na sikujificha. Mwezi ule ukaisha, na mwingine mzima ukapita. Basi halikutembea, na hakuna aliyekuja kuuliza.