Magoti ya Fundi Kioo

Fundi plasta huyu walimwita Kioo, maana kwenye ukuta aliousawazisha yeye ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Akiziba tundu leo, kesho hata yeye mwenyewe halioni. Sifa zilimpanda kichwani, na hapo ndipo alipoharibikiwa.

Miaka minne nyuma, mwenye jengo moja la ghorofa alimwita akampeleka chini. Nguzo tano zilikuwa zimepasuka, kutu imevimba ndani na kusukuma zege nje. Ringi zinazozifunga nondo zilikuwa zimelika. Aligusa moja kwa kidole, ikapukutika. Na alijua fika kazi ya ringi: ardhi ikitikisika, ndizo zinazozibana nondo nguzo isifumuke.

"Wewe fanya ipendeze tu," mwenye jengo alisema.

Kioo akapiga brashi, akapiga plasta, ikapendeza kweli kweli.

Mwezi uliofuata bintiye akapanga ghorofa ya pili. "Nimeujua mkono wako pale chini, baba. Nikasema hapa ndipo nyumbani."

Tangu siku hiyo, kila binti alipomwalika, Kioo alisema magoti hayamruhusu kupanda ngazi.

Asubuhi moja ardhi ikatikisika, kidogo tu, vyombo vikaanguka. Wapangaji wakatoka nje na watoto mgongoni. Kioo naye akafika mbio. Siku hiyo magoti hayakuuma hata kidogo. Akamkuta mhandisi aliyeitwa kukagua jengo akizunguka nguzo na tochi, nyundo kiunoni, haoni ufa.

"Ziko salama," mhandisi alisema. "Mnaweza kurudi ndani."

"Si mikono ya baba hiyo!" binti akapaza sauti, akimshika babake bega mbele ya watu wote.

Aibu ilimpanda Kioo hadi masikio yakawaka moto. Angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza miaka minne. Lakini binti alikuwa keshamweka mwanawe begani, anaelekea mlangoni.

"Simama, mama. Usiingie."

Akachukua nyundo ya mhandisi, akagonga nguzo ya kwanza. Plasta ikadondoka kipande kizima, kutu ikamwagikia viatu vyake.

"Ziko ngapi hivi?" mhandisi aliuliza.

"Tano. Nitakuonyesha, wewe huwezi kuziona."

Akazigonga zote bila kumtazama mtu usoni. Alipogeuka, bintiye alikuwa palepale, mtoto begani.

"Kumbe hayakuwa magoti, baba," alisema.