Nyayo Alizoziona Mzee Jangwani

Kwa miaka miwili, katika kazi yangu ya kutunza wagonjwa majumbani huku ugenini, nilimhudumia mzee mmoja wa mji wa Penrith aliyekuwa amefiwa na mkewe. Nilifika asubuhi, nikamwogesha, nikampikia uji wa oti, kisha nikakimbilia treni kwenda kwa mgonjwa mwingine St Marys. Nilimwita Mzee. Nilimweleza kwamba kwetu Tanga hiyo ni heshima, akalipenda jina.

Siku moja nikimkausha mgongo alianza kusimulia bila kuulizwa. Akiwa askari wa miaka kumi na tisa alipelekwa jangwani, kusini mwa nchi hii niliyohamia, ambako Waingereza walikuja kutoka kwao kujaribu mabomu yao ya nyuklia. Bomu likilipuka, waliamriwa wageuke na kufumba macho. Baadaye akapewa kazi ya kusimika vibao vya kuonya watu wasiingie.

"Vilikuwa vya Kiingereza," alisema. "Wenyeji wa asili wa jangwa lile hawakujua kusoma Kiingereza. Niliona nyayo zao mchangani, ng'ambo ya vibao, nyingine za watoto. Nikamwambia mkubwa wangu. Akasema nipige misumari tu."

"Ukapiga?"

"Nikapiga."

Mikono yake haikuweza tena kushika kalamu, hivyo akaniomba nimwandikie barua kwa watu wa kule jangwani. Alitaka kuwaambia alichokiona, na mahali hasa alipoziona zile nyayo. Nikatazama saa. "Wiki ijayo, Mzee." Wiki iliyofuata nikasema hivyo hivyo. Nilidhani mtu aliyekaa na jambo zaidi ya miaka sitini anaweza kukaa nalo siku chache zaidi.

Kisha akapata kiharusi, maneno yakakatika. Nilikwenda hospitali na daftari, nikamuuliza: zile nyayo uliziona upande gani? Karibu na nini? Alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini ilitoka sauti tu. Akalia, nami nikalia. Hakumaliza wiki.

Baada ya mazishi nilimsimulia binti yake jikoni. Hakuwa akijua lolote. Baba alimwambia kwamba jeshini alikuwa mpishi. Alijua tu kwamba mama yake aliharibikiwa mimba tatu, na kwamba nyumbani jambo hilo halikuulizwa.

"Mbona hukunipigia simu wakati bado anaongea?" aliniuliza.

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nawahi treni?

Tuliandika barua ile wenyewe, nusu ukurasa, palepale mezani. Kuhusu mahali penyewe, tuliandika kwamba hatupajui.