Spika ya Mjomba Elia

Juzi, mtaani Mchesi, nilimwona mjomba Elia akipiga gitaa, kichwa kizima mvi, nikakumbuka alasiri moja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, baada ya vita kututoa Bukavu. Spika ya gitaa lake ilikuwa na mpasuko, ikinguruma kama lori lililokwama matopeni.

"Elia, mngurumo huo uishe, ao utoke kwaya," mchungaji alimwambia.

Nilidhani spika imeharibika. Nikachukua sindano ya mama, nikaushona mpasuko, vidole vikinuka mafuta ya cherehani.

Mjomba alicheka. "We mutoto, mi mwenyewe njo niliipasua na wembe, ilie vile."

Akazikata nyuzi nilizoshonea mbele ya mchungaji, akapiga gitaa. Alifukuzwa kwaya siku hiyohiyo.

Juzi niliinama kuitazama spika yake. Ni ileile. Matundu ya sindano yangu bado yapo, na bado inanguruma.