Maji Sikio la Kulia

Majuzi nilipotea kati ya shamba langu na mlango wangu, huku huku nilikozaliwa. Usicheke kwanza.

Nyanya yangu alikuwa haoni. Lakini kila asubuhi, akishamaliza uji wa mtama, alibeba jembe akaenda shamba peke yake. Maporomoko ya mto wetu ndiyo yalimwonyesha njia. "Kwenda, maji sikio la kushoto," alituambia. "Kurudi, sikio la kulia. Yakinguruma usoni, simama, unaingia mtoni." Sisi watoto tulijifunga vitambaa machoni tukamfuata, tukichubuka magoti, naye anacheka. Jioni alitupikia ningu, wale samaki waliokuwa wanapanda mto mvua ikianza.

Halafu maporomoko hayo yalitufanya watu wa sauti kubwa, nisisahau hiyo. Kwetu hakuna aliyejua kunong'ona. Tukienda kuposa huko Awasi, wenyeji walidhani tumekuja kugombana.

Basi, bwawa likajengwa huko juu, mto ukapitishwa ndani ya mlima kuzungusha mitambo ya stima. Mimi nilikuwa mjini, mtaa wa Obunga, miaka hiyo yote, nashona viatu. Nimerudi macho yangu pia yamekwisha. Mke wa mwanangu, msichana wa Maseno, mtu wa sauti ndogo, alitaka kunishika mkono. Nikamwambia njia hii ninayo masikioni.

Kwenda nilifuata ua wa miti kwa fimbo. Kurudi nikageuza sikio la kulia, kimya. Nilikuwa nimeambiwa maji hayako, lakini miguu haikuambiwa. Nikatembea nikiyatafuta mpaka fimbo ikagonga mawe makavu, laini kama mgongo wa kiboko. Nikayapapasa. Nilikuwa nimesimama pale pale maji yalipokuwa yanaangukia, mahali ambapo zamani hakuna mtu aliyewahi kusimama.

"Mzee, usisonge!" Ni yule wa sauti ndogo, siku hiyo alipiga kelele kama mtu wa kwetu. Aliponifikia akasema, "Sasa ulikuwa unaenda wapi, Baba?"

"Nyumbani."

Hakunicheka. Kesho yake aliweka redio nje ya mlango, upande wa mto, akafungua sauti yote. Inatumia stima ya bwawa, kwa hivyo ni maji yale yale, ila siku hizi yanasoma habari na matangazo ya vifo. Kurudi naiweka sikio la kulia, nafika vizuri. Ningu sijawanusa tena, na watoto wa hapa wananong'ona kama watu wa mjini.

Stima ikipotea, nasimama njiani na jembe langu, nangoja.