Suniang na Pazia la Malkia Mama

Suniang alizaliwa Bianjing, mji wa mfalme, katika mtaa wa wasuka mianzi, na kwa kusuka hakuna binti aliyemfikia. Mfalme alipofariki na kumwacha mrithi ambaye hata meno ya utoto hayajamtoka, Malkia Mama ndiye aliyeishika nchi. Mawaziri hawaruhusiwi kumtazama, kwa hiyo aliketi nyuma ya pazia la mianzi. Mbele taa, nyuma giza: yeye anawaona, wao wanasikia sauti tu. Pazia alilisuka Suniang, akapewa na kazi ya kulitunza. Aliringa nalo mpaka shangazi zake wakachoka kumsikiliza.

Alfajiri moja ya baridi kali, kabla ya baraza, Malkia Mama alimnong'oneza:

"Mwanangu, miguu imekufa ganzi. Na huyu Waziri Tan akishaanza habari za tuta la mto, hatutoki leo."

"Nikuletee makaa, Mama?"

"Ungekuwa umeshaleta."

Akaleta jiko, akalipuliza vizuri. Malkia Mama akavua viatu na soksi, akainua nyayo kwenye joto. Waziri Tan alikuwa amefika katikati ya tuta lake, mara akanyamaza. Mawaziri wote wakainamisha vichwa, kama waliodondosha kitu sakafuni.

Suniang alitazama makaa mekundu, akatazama pazia. Sasa hata nyuma kulikuwa na mwanga. Nyayo za Malkia Mama zilikuwa zinaonekana ukumbi mzima, na anayemwanika mtawala hivyo hufukuzwa ikulu kwa viboko. Hakufikiri mara mbili, akachuchumaa kati ya jiko na pazia, akatandaza sketi yake pana. Giza likarudi. Harufu ya kitambaa kinachoungua nayo ikaja.

"Waziri, tuta limebomoka wapi?" Malkia Mama akauliza, sauti haikutikisika.

Baraza lilipokwisha, Geng, towashi mkuu, alimshika Suniang mkono mbele ya wote.

"Huyu atoke leo hii, Mtukufu. Amekuanika."

"Nani aliniona? Tan, uliniona?"

"Mimi, Mtukufu? Macho yenyewe haya ya kizee. Niliona pazia."

Akauliza wa pili, wa tatu. Wote waliona pazia, zuri sana, limesukwa vizuri. Nani angekubali kwamba alimtazama?

"Basi labda wewe, Geng. Uliona nini?"

"Pazia, Mtukufu."

"Sasa mwachie mkono, anaungua huyo."

Walimmwagia chai. Nyuma ya goti alibaki na kovu, ambalo uzeeni aliwaonyesha wajukuu bila kuombwa. Alilitunza pazia hadi mfalme mdogo alipoota ndevu na kutawala mwenyewe, ndipo Suniang akalikunja kwa mikono yake. Makaa hakuyapeleka tena. Siku za baridi Malkia Mama alimpachika miguu yake kwapani ipate joto, huku Tan akiendelea na tuta lake.